Wakuu, hivi kikomo cha mishahara kwenye soka la kulipwa kinaweza kufanya kazi kweli?

Namba_Sita (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Hii kitu inanisumbua muda mrefu sana na leo nimeona niilete jamvini tuijadili kwa utulivu, ushabiki wa timu tuuweke pembeni kidogo.

Mimi nimechoka kumjua bingwa kabla ligi haijaanza. Angalieni Ujerumani, Bayern wamebeba mara 11 mfululizo, 2013 mpaka 2023. Italia Juventus nao 9 mfululizo, 2012 mpaka 2020. Ufaransa tangu 2013 ni PSG, PSG, PSG, ukitoa Monaco 2017 na Lille 2021. Yani mtoto aliyezaliwa mwaka ule Bayern wanaanza mbio zao alifikisha miaka 10 hajawahi kuona timu nyingine ikinyanyua lile sinia, mpaka Leverkusen walipokuja kulichukua 2024. Sasa mtoto huyo kama anashabikia Freiburg au Mainz tunamwambia nini?

Ukichimba unakuta mzizi ni mshahara. Watu wanaangalia ile ada ya usajili ya kwenye magazeti lakini ada inalipwa mara moja, mshahara ndo unaokaa kwenye vitabu kila mwezi, na mwenye nazo akimuona kijana mzuri kwako anamuongezea mara tatu na umeshampoteza, hata kama ulimlea tangu ana miaka 12 na ulimtibu goti lake mwenyewe.

Wenzetu wa NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, wana kikomo tangu 1994. Msimu wa 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa mishahara ya wachezaji wote wa kila timu, mwenye mfuko mrefu na mwenye mfuko mfupi wote wanagota hapo hapo. Ligi ya hoki ya barafu, NHL, nao wanacho tangu 2005. Kwanini kwenye soka ikigusiwa tu watu wanasema haiwezekani? Ni kweli haiwezekani au vigogo ndo hawataki? Mwenye kujua atufafanulie.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Mkuu Namba_Sita mada nzito hii. Ila watu wengi hawajui kwamba soka limeshawahi kuwa na kikomo cha mishahara, tena pale pale kwenye chimbuko lake Uingereza, na hakikukaa mwaka mmoja wala miwili, kilikaa miaka 60.

Mwaka 1901 FA, chama cha soka cha kule, waliweka sheria kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Ikawa inapandishwa pole pole, mpaka inakuja kufutwa 1961 ilikuwa pauni 20 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea na 17 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Uwe Stanley Matthews ambaye watu wanajaza uwanja kuja kumtazama yeye, uwe beki wa akiba, mwisho ni hapo. Na kibaya zaidi mkataba ukiisha klabu ilikuwa na haki ya kukushikilia, unataka kuondoka wanakunyima ruhusa na huwezi kucheza kwingine. George Eastham alikutana na hilo Newcastle mwaka 1960, akaamua kuacha kucheza kabisa na kufanya kazi nyingine ya kawaida mpaka wakamuachia aende Arsenal, na kesi yake ilikuja kuamuliwa mahakamani 1963 akashinda kwenye lile la kushikiliwa.

Kikomo chenyewe kilivunjwa na wachezaji. Chama chao chini ya Jimmy Hill kilitishia mgomo, Januari 1961 mabosi wakasalimu amri, na mwaka huo huo Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Mara tano kwa mkupuo mmoja! Maana yake thamani yake ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa inabaki kwenye mfuko wa klabu. Na waliopata upenyo walishaanza kukimbia kabla, John Charles aliondoka Leeds 1957 akaenda Juventus ambako hakukuwa na sheria kama hiyo.

Sasa je, kilileta usawa? Mtu akiangalia haraka haraka atasema ndiyo, mana enzi hizo Portsmouth walibeba ubingwa 1949 na 1950, Burnley wakabeba 1960. Lakini subiri, angalia na baada ya kufutwa: Ipswich 1962, Everton 1963, Liverpool 1964, Manchester United 1965, Manchester City 1968, Leeds 1969, Arsenal 1971, Derby 1972. Kikomo hakipo na ubingwa bado unazunguka vile vile! Kwahiyo kilichokuwa kinashikilia usawa ni kitu kingine kabisa. Nina kazi hapa, nikimaliza nitarudi niseme ni kitu gani.

Kipa_wa_Akiba

Mimi naunga mkono kikomo moja kwa moja. Wakiweka namba moja kwa wote kocha mzuri na skauti mzuri ndo watashinda, saivi anashinda mwenye akaunti nene. Leicester walivyobeba ubingwa wa Uingereza 2016 tunaikumbuka mpaka leo kwa sababu ni kama haitatokea tena, na kitu kizuri kwenye mchezo hakitakiwi kuwa cha mara moja kwa kizazi.

Hesabu_Kwanza

Tutenganishe vitu viwili kwanza mana naona vinachanganywa. Kuna kikomo cha namba moja kwa wote, na kuna kikomo cha asilimia ya mapato yako mwenyewe. NFL wana hicho cha kwanza. Kinachofanyika Ulaya saivi ni cha pili, na hicho cha pili kwa mtazamo wangu kinasaidia klabu zisifilisike ila kwenye usawa kinaharibu kabisa.

Chukua UEFA. Wana sheria kwamba mishahara ya wachezaji na kocha ukijumlisha na gharama za usajili na ada za mawakala isizidi asilimia fulani ya mapato. Walianza na 90 msimu wa 2023/24, wakashuka 80, na kuanzia 2025/26 ni 70. Kwa masikio inasikika vizuri. Sasa piga hesabu. Real Madrid msimu wa 2023/24 mapato yao yalivuka euro bilioni 1, klabu ya kwanza ya soka kufika hapo. Asilimia 70 ya hiyo ni milioni 700. Klabu yenye mapato ya milioni 100 inaruhusiwa milioni 70. Pengo lilikuwa mara kumi na sheria imelithibitisha libaki mara kumi. Zamani angalau angetokea tajiri akanunua timu ndogo akamwaga pesa, sipendi sana hiyo njia lakini ilikuwa njia. Saivi mlango huo umefungwa na funguo wanazo waliokwisha kuingia ndani.

Premier League nao Novemba 2025 walipiga kura. Sheria ya asilimia 85 ikapita kwa 14 dhidi ya 6, kuanzia 2026/27. Lakini siku hiyo hiyo kulikuwa na pendekezo la pili ambalo ndo lilikuwa karibu kabisa na anachokitaka mleta mada, kwamba hakuna klabu itakayotumia kwenye kikosi zaidi ya mara tano ya pesa za ligi inazopata timu inayoshika mkia. Hilo likaanguka. 7 walikubali, 12 walikataa, mmoja hakupiga upande wowote. Kwahiyo Namba_Sita jibu la swali lako la mwisho unalo, na ona namba zenyewe, klabu kubwa haziko 12 pale. Kuna na wadogo waliokataa, labda kwa kuogopa kwamba mchezaji wao mzuri ataenda ligi nyingine ambayo haina hiyo kamba.

Ila asije mtu akasema vikomo havina meno. Hispania tangu 2013 La Liga inampangia kila klabu kiwango chake kabla ya msimu kulingana na hali yake ya fedha, ukikizidi mchezaji wako hasajiliwi, basi. Agosti 2021 Messi mwenyewe amekubali kupunguza mshahara kwa nusu, Barcelona wanamtaka, yeye anataka kubaki, na bado ikashindikana kwa sababu rais wao Laporta alisema hata bila Messi mishahara ilikuwa inakula asilimia 95 ya mapato. Mnaikumbuka ile Agosti 8, amesimama pale mbele ya wenzake na karatasi laini mkononi anapangusa machozi hata sentensi ya kwanza haijatoka. Mimi siwapendi Barcelona lakini ile picha iliniuma. Hapo ndo utajua meno yapo, swali ni yanamng'ata nani na kwa sababu gani.

Winga_Mstaafu

Naomba niongee kama mtu niliyekula mshahara wa mpira, mana humu naona wachezaji tunazungumziwa kama sote ni Messi.

Nimecheza misimu sita daraja la chini, klabu siitaji. Mshahara wangu ulikuwa unalipa kodi ya chumba na kinachobaki ni cha kula. Msimu wangu wa nne akaja mmiliki mpya ana hamu ya kupanda daraja, akasajili washambuliaji wawili, na mmoja wao peke yake alikuwa analipwa kuliko mabeki wetu wote wanne ukiwajumlisha. Hatukupanda. Kuanzia Februari mshahara ukaacha kuingia.

Meneja alikuwa anaingia chumba cha kubadilishia nguo asubuhi, pale ubaoni chini ya ratiba ya mazoezi anaandika "malipo Ijumaa". Ijumaa inapita. Jumatatu anafuta anaandika tena "malipo Ijumaa". Ikafika mahali akaacha hata kufuta, yale maneno yakabaki pale, wino unafifia, na sisi tunavaa viatu tukiwa tumeyaangalia. Kipa wetu mke wake alikuwa ametoka kujifungua, nilimuona kwa macho yangu anamuomba daktari wa timu nauli ya kurudi nyumbani. Na Jumamosi huyo huyo anatakiwa adake penalti.

Kwahiyo mimi kikomo nakitaka kwa sababu hiyo, habari ya nani bingwa kwangu inakuja baadae sana. Bury ya Uingereza klabu ya tangu 1885, imepanda daraja msimu wa 2018/19, Agosti 2019 ikafukuzwa ligi kwa kushindwa kuonyesha pesa za kujiendesha. Imepanda na imekufa ndani ya miezi michache! Hiyo ndo gharama ya kumuachia mtu mmoja atumie asichonacho.

Lakini hapo hapo niwaambie upande wa pili. Agosti 2020 klabu za daraja la tatu na la nne Uingereza zilipiga kura kuweka kikomo cha namba moja, pauni milioni 2.5 League One na milioni 1.5 League Two. Chama cha wachezaji PFA kikaenda kwenye jopo la usuluhishi, Februari 2021 kikomo kikafutwa kwa sababu ligi ilikipitisha bila kufuata utaratibu wa kujadiliana na wachezaji. Kuna watu walikasirika, mimi niliwaelewa PFA. Mtu anakaa na wenzake wanapanga ukomo wa kazi yako yenye umri wa miaka kumi hivi na hawajakuuliza. Halafu mnajua nani anakatwa kikomo cha namba moja kikiwekwa? Staa hakatwi mana ndo anayeleta mabao, kijana wa akademi naye tayari analipwa kidogo. Anayekatwa ni yule wa kati, ana miaka 29, ana mke na watoto, anacheza mechi 40 kwa msimu na hakuna anayemuimba.

Namba_Sita (mleta mada)

Winga pole sana aisee, hilo la ubaoni limenigusa. Nashukuru pia wote mlioingia na data.

Ila mbona bado naona tunazunguka. Kama cha asilimia kinalinda wakubwa, basi tuweke cha namba moja ila kiwe kikubwa kidogo, wachezaji waulizwe kwanza na wasaini. NFL si ndo wamefanya hivyo? Tatizo liko wapi hapo?

Kona_Fupi

Tatizo ni kwamba ukiichukua NFL lazima uichukue yote, huwezi kuchomoa tofali moja ukategemea nyumba isimame kwako.

Kwanza zile ligi zimefungwa. Timu 32 mwaka huu, mwakani ni zile zile 32, hakuna kushuka daraja. Sasa wewe weka kikomo cha namba moja Premier League halafu shusha timu tatu. Zinashuka na mikataba ya mishahara ya juu kwenda ligi yenye kikomo cha chini zaidi, tunafanyaje, tunavunja mikataba ya watu? Na wanaopanda wanapanda na mapato ya kule chini wakati mwenzao amekaa juu miaka 20 na uwanja wa watu elfu 60. Kwenye kile kikomo cha 2020 alichosema Winga, Sunderland yenye uwanja wa watu karibu elfu 49 na Accrington yenye uwanja wa watu elfu 5 na kidogo zilikuwa ligi moja zimepewa namba moja. Kwa Accrington milioni 2.5 ni nyingi, kwa Sunderland ni kumfunga mtu mzima kitambaa cha mtoto.

Pili, kule wana paa na wana sakafu. Mnaongelea paa tu. Kuna kiwango cha chini ambacho timu lazima itumie kwa wachezaji, na karibu nusu ya mapato ya ligi yote imeahidiwa kwa wachezaji kwenye mkataba wa pamoja na chama chao. Kwahiyo ligi ikikua na kikomo kinapanda. Mchezaji anajua hata akibanwa, anabanwa kwenye sehemu ya keki inayojulikana. Na hata hivyo hawakufika hapo kwa kupeana mikono tu, NHL mabosi waliwafungia wachezaji milango na msimu mzima wa 2004/05 haukuchezwa, wote, hakuna hata kombe lililotolewa.

Tatu, na kwangu hii ndo kubwa, mchezaji bora wa NFL hana pa kwenda. Hakuna ligi nyingine duniani itakayomlipa hivyo. Mchezaji wa soka anazo. Ukiweka kikomo Uingereza peke yake anaenda Hispania, wakiweka Ulaya nzima anaenda Saudi Arabia, tuliona 2023 Benzema na Neymar wanaenda na Ronaldo alishatangulia Januari. Ni kama hadithi ya John Charles aliyoitoa Mzee hapo juu, imebadilika tu upande wa ndege. Hata MLS, ligi ya soka ya Marekani, ambayo ina kikomo tangu kuanzishwa kwake ilibidi 2007 waweke mlango wa pembeni ili Beckham apite, mchezaji maalum ambaye sehemu kubwa ya mshahara wake haihesabiki kwenye kikomo, na mlango huo huo unatumika mpaka leo kwa mastaa wengine.

China nao walijaribu kwa nguvu. Mwishoni mwa 2020 walisema mchezaji wa kigeni asizidi euro milioni 3 kwa mwaka kabla ya kodi. Walikuwa wamechelewa, klabu zilishajiingiza kwenye madeni. Jiangsu walibeba ubingwa Novemba 2020, Februari 2021 wamefunga ofisi. Bingwa mtetezi hayupo!

Wakili_wa_Benchi

Na mimi niongeze moja ambalo kila nikisoma mijadala hii linarukwa: nani atakagua?

Raga ya Uingereza wana kikomo. Saracens walikuwa wanabeba mataji, kumbe mwenye klabu alikuwa anaingia ubia wa biashara na wachezaji wake, kampuni za pamoja, nyumba za pamoja, na hayo hayakuhesabiwa kama mshahara. Novemba 2019 wakakatwa pointi 35 na faini ya zaidi ya pauni milioni 5, Januari 2020 ikaamuliwa washuke daraja. Lakini mataji waliyobeba miaka ile hawakunyang'anywa, na waliofungwa fainali walifungwa.

Australia kwenye raga ya wachezaji 13, Melbourne Storm walikutwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kuonyesha ligi na kingine cha kweli. Wao walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na 2009, na msimu wa 2010 wakaambiwa mtacheza mpaka mwisho ila hampati pointi hata moja. Hebu fikiria wewe ni mchezaji, unaamka asubuhi unaenda kugongana vifua na watu, unashinda, unaangalia msimamo wa ligi, sifuri. Wiki ijayo tena sifuri. Na wengi wao hawakuwa wanajua hivyo vitabu viliandikwaje.

Hata kile kikomo cha zamani cha Uingereza kilikuwa na njia za panya, Sunderland walikamatwa 1957 wanalipa juu ya kiwango, klabu ikapigwa faini ya pauni 5,000. Sasa hiyo ni enzi ya kikomo kisichofika hata pauni 20 kwa wiki. Leo kuna haki za picha, kuna kampuni ya kaka wa mchezaji, kuna ubalozi wa biashara ya tajiri yule yule mwenye timu, kuna ada ya wakala ambaye wakala mwenyewe ni baba mzazi. Ukaguzi wake unahitaji watu wenye mamlaka ya kufungua akaunti za benki nchi tano tofauti, na mpaka wanamaliza mchezaji ameshastaafu.

Na Ulaya kuna suala la sheria pia, tangu hukumu ya Bosman Desemba 1995, ile iliyompa mchezaji haki ya kuondoka bure mkataba ukiisha, soka haliwezi kujificha nyuma ya "sisi ni mchezo tu". Kikomo ambacho wachezaji hawajakubali kwenye meza ya mazungumzo kitaishia mahakamani, hilo msiwe na shaka nalo.

Kipa_wa_Akiba

Kwahiyo tukae tu tuangalie? Kila kinachopendekezwa mnasema kina njia ya panya. Na sheria za rushwa zina njia za panya lakini hatujazifuta. Mimi nasema bora kikomo chenye matobo kuliko hakuna kabisa.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Nimerudi wakuu, samahani nimechelewa. Niliahidi kusema ni nini kilichokuwa kinashikilia usawa kule Uingereza kabla na baada ya 1961.

Ni mgao wa mlangoni. Timu ngeni ilikuwa inapata sehemu ya mapato ya viingilio vya mechi ya ligi. Yani Manchester United wakijaza uwanja wao, mgeni wao wa siku hiyo anaondoka na chake. Ilikuwa inaeleweka kwamba watu wamekuja kuangalia timu mbili, mpira hauchezwi na mmoja. Mwaka 1983 hilo likaondolewa, mwenye uwanja akawa anachukua chote. Hapo ndo mwenye uwanja mkubwa alianza kukimbia peke yake, halafu 1992 ikaja Premier League na pesa ya televisheni ikaacha kushuka kwenda madaraja ya chini kama zamani, na mwaka huo huo Ulaya ikaanza Ligi ya Mabingwa ambayo ukiingia leo inakulipa hela ya kuingia tena kesho. Ubingwa kuzunguka ukawa historia. Kikomo kilikuwa kimekufa miaka 20 na ushee kabla ya hayo yote kuanza.

Angalia na Hispania. Mpaka 2015 kila klabu ilikuwa inauza matangazo yake yenyewe, Real na Barcelona wanakula sahani kubwa wengine wanagawana masalia, ndo serikali ikatoa amri wauze kwa pamoja. Premier League yenyewe pamoja na ubaya wote tunaousema, nusu ya pesa ya televisheni ya ndani inagawanywa sawa kwa sawa kwa timu zote 20, na ndo maana timu ya mwisho pale inaweza kumnunua mchezaji wa timu ya nne ya nchi nyingine.

Kipa_wa_Akiba sikatai kikomo ndugu yangu. Ninachosema, mleta mada ameuliza NFL wanawezaje. Wanaweza kwa sababu pesa ya televisheni ya taifa inagawanywa sawa kwa timu zote 32 KABLA hawajafika kwenye kikomo. Green Bay ni mji mdogo kabisa na ina timu yenye nguvu miaka mingi. Wangeweka kikomo bila mgao, nusu ya timu zisingefikia hata hicho kikomo chenyewe, kingekuwa ni zawadi kwa matajiri kulipa pungufu na kubaki na chenji. Kwenye soka tunataka kuanza na kikomo kwa sababu kinamgusa mchezaji, mgao tunaukwepa kwa sababu unamgusa mwenye klabu.

Hesabu_Kwanza

Mzee hapo umefunga. Na ukitaka ushahidi angalia kila kura inayopigwa, kupunguza mishahara wanakaa mezani, kugawana pesa za Ligi ya Mabingwa na wenzao wa ligi moja hakuna anayenyanyua mkono.

Namba_Sita (mleta mada)

Wakuu mmenifungua. Nilikuja hapa na kikomo kama dawa, saivi naona nilikuwa nashika mkia wa jambo. Nikubali pia sikuwahi kujua habari ya mgao wa mlangoni, nimeenda kuitafuta mwenyewe nimekaa nayo saa nzima.

Lakini mgao unachukua miaka na wenye klabu hawatakubali kesho. Nimuulize Winga, wewe ambaye yalikukuta, ungepewa sheria moja tu ya kuweka mwakani ungeweka ipi? Na ile pesa yenu mlikuja kulipwa?

Winga_Mstaafu

Tulikaa miezi mitano bila mshahara, tukaja kulipwa miwili. Klabu iliuzwa, mwenye nayo mpya akasema madeni ya zamani hayamhusu, wengi tulisaini kuachia mana dirisha la usajili lilikuwa linafungwa na ukibaki na kesi hakuna timu inayokugusa. Wale washambuliaji wawili wala siwalaumu, na wao hawakulipwa.

Sheria yangu moja ni hii. Kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, mishahara ya msimu mzima ya kila mchezaji unayetaka kumsajili iwe imeshawekwa kwenye akaunti inayoshikwa na ligi, au kuna dhamana ya benki, na ligi ndo itulipe kila mwezi. Unataka kumlipa mtu milioni? Mlipe, weka kwanza. Huna, leseni ya huyo mchezaji haitoki. Sijali kikomo ni kiasi gani, mwenye klabu atajiwekea kikomo mwenyewe siku atakayoambiwa atoe zote mkononi mwezi Julai badala ya kuandika ubaoni mwezi Februari.

Na kipa wetu, mana kuna mtu kaniuliza pembeni, aliacha mpira msimu ule ule. Alikuwa na miaka 24.